Shimo la Pimbi Mbele ya Goli

Hapo zamani za kale, kale ambayo hata bibi zenu hawaijui, mimi nilikuwepo. Msicheke. Nilikuwepo kwa macho yangu haya mawili, nimekaa mstari wa mbele ubavuni mwa Twiga, na kila alipomeza mate niliyasikia yakishuka shingoni dakika tano nzima. Kwa hiyo anayetaka kunibishia atoke nje akabishane na mbuzi.

Wakati huo wanyama wote walicheza mpira wa magongo. Wakubwa wa Mlimani walikuwa na timu yao. Nahodha alikuwa Bwana Nyati, na kipa alikuwa Kiboko, ambaye akisimama golini goli lote linapotea, unabaki kukisia nguzo ziko wapi. Wadogo wa Bondeni nao walikuwa na yao, nahodha Pimbi, kile kinyama kisicho na mkia mnachokiona kinaota jua juu ya mawe.

Pande hizi mbili zilikunywa kwenye bwawa moja. Kiangazi kikiingia, maji hayawatoshi wote. Basi desturi yao ilikuwa hivi: mechi ya mwisho ya msimu wanacheza Mlimani na Bondeni, na atakayefungwa anahama na jamaa zake mpaka mvua zirudi. Anakwenda kunywa maji ya Magadi, mwendo wa siku mbili, maji machungu kama umelamba sabuni. Miaka yote waliohama ni wadogo.

Mwaka huo Bwana Nyati aliutaka ushindi kuliko mwaka wowote. Mkewe alikuwa amejifungua juzi tu, na ndama bado miguu laini, akisimama anatetemeka kama uji kwenye sahani. Safari ya siku mbili asingeiweza. Nyati akamwambia mkewe asiwe na shaka, maana Bondeni msimu ule walikuwa hovyo. Nyani waliwafunga magoli mia na kumi, na la mia na kumi na moja refa alilikataa kwa huruma tu. Hata kobe waliwafunga, na hao kobe wenyewe walifika uwanjani kipindi cha pili.

Mara mambo yakageuka. Zimebaki mechi chache, Bondeni wakawafunga ngiri. Nyati akasema ni bahati. Wakawafunga nyumbu. Nyati akasema nyumbu ni nyumbu. Wakawafunga nyani, walewale wa mia na kumi, na safari hii nyani hawakupata hata goli la dawa. Siku hiyo Nyati hakumaliza majani yake.

"Wale wana kitu," akamwambia mkewe.

"Wana mazoezi. Nawaona kila asubuhi wanakimbia pale chini."

"Mazoezi hata sisi tunafanya."

"Lini, baba watoto?"

Nyati akajifanya ameingiwa na vumbi jichoni.

Akaanza kuchunguza. Alinusa magongo yao moja moja, yakanuka mti. Akamshuku refa, Korongo, akamfuata kutwa nzima aone Bondeni wanampa nini kwa siri. Korongo akasimama mguu mmoja kwenye tope mpaka jua likazama, na hakuna aliyempelekea hata chura. Akaenda jikoni kwa Bi Karunguyeye, kipa wa Bondeni, yule mdogo mwenye miiba mgongoni, akachungulia chungu. Kulikuwa na kunde. Bi Karunguyeye akamuuliza kama chumvi imekolea, na Nyati akaondoka na kijiko mkononi bila kujua.

Alipoona hapati kitu akamwita Fisi.

Huyu Fisi ndiye aliyekuwa kamati ya ufundi ya Mlimani. Kila timu ilikuwa na kamati yake, na msidhani kazi yake ni kufundisha kupiga mpira. Kazi yake ni kujua wenzenu wamezika nini uwanjani, wamepaka nini langoni, na nyinyi muingie kinyumenyume au mruke ukuta. Fisi akapeleleza siku tatu, akarudi anahema.

Akasema kabla ya kila mechi Pimbi huwahi uwanjani peke yake. Huingia kwenye duara la mbele ya goli lao, akaangalia kushoto, akaangalia kulia, akachimba, krr, krr, krr, kisha akasawazisha udongo kwa tumbo. Ngiri walimwona. Nyumbu walimwona. Nyani walimwona wakapiga kelele mpaka sauti zikakauka. Na hakuna hata mmoja wao aliyethubutu kutia mguu ndani ya lile duara.

Sasa nyinyi msioujua mchezo, tegeni sikio. Mbele ya kila goli la magongo kuna duara limechorwa kwa chokaa. Ukiupiga mpira ukiwa nje ya duara, hata ukichana wavu ukavuka mto, hilo si goli. Lazima uingie ndani ndipo upige. Usipoingia, hufungi mpaka kiyama.

"Amezika nini?" Nyati akauliza.

Fisi hakujua. Lakini mtaalamu hawezi kusema hajui, akasema ni dawa ya pembe. Mwenye pembe akikanyaga pale, zinadondoka pu, pu, kama mapapai yaliyoiva. Kiboko akauliza, na asiye na pembe je. Fisi akasema kwa huyo yanakwenda meno. Kuanzia hapo Kiboko akafumba mdomo, wala hakuufumbua kwa siku nyingi, chakula chenyewe akawa anakinusa tu.

Nyati akaenda kwa Pimbi, akamkuta juu ya jiwe lake.

"Pimbi, mmezika nini pale mbele ya goli?"

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Mmezika nini?"

"Hatujazika kitu."

"Unaapa?"

"Naapa kwa mkia wangu."

Nyati akaridhika. Alikuwa amefika nusu ya njia ndipo akakumbuka kwamba Pimbi hana mkia.

Kesho yake akarudi kwa upole, akaleta na salamu za mkewe. Akajibiwa hakuna kitu. Keshokutwa akarudi kwa ukali, akaahidi kumbandika Pimbi kwenye jiwe kama chapati. Pimbi hakutikisika.

"Mjomba, pale pana udongo tu. Kanyaga. Tena wewe hasa, ningefurahi sana ukikanyaga."

Nyati alirudi nyumbani jasho linamtoka mpaka kwenye kwato.

Siku ya mechi ikafika. Bwawa lilikuwa limeshashuka, mawe ya chini yanaonekana. Wanyama walijaa mpaka waliokosa nafasi wakakaa mawinguni, mimi mwenyewe niliwapungia mkono. Pimbi akatoka kwanza. Kushoto, kulia. Krr, krr, krr. Akasawazisha kwa tumbo, akajipangusa, akarudi kwa wenzake. Wakubwa wote walimwona.

Mechi ikaanza. Kifaru akafika kwenye mstari wa duara akasimama hapohapo, akapiga, paa! Mpira ukapita na wavu, wavu ukaenda kufunika kijiji cha watu. Korongo akatikisa kichwa: nje ya duara. Kifaru akapiga tena. Nje ya duara. Wakapiga hivyo mara arobaini, Bi Karunguyeye akaketi golini akasuka ukili. Mapumziko yakafika hakuna goli.

Nyati akafurahi. Akawaambia wenzake sasa tunabadilishana pande, tutashambulia lile goli jingine, dawa yao itabaki nyuma yetu. Alikuwa bado anaongea, akageuka, akamwona Kiboko amesimama mbali kabisa na goli lake, kama mtu aliyekuja kuuliza njia.

Akamwamuru arudi golini. Kiboko akatikisa kichwa. Akamuuliza kwa nini. Kiboko akaonyesha mdomo wake uliofumbwa, akaonyesha duara.

Na kule upande wa pili Pimbi alikuwa anapita taratibu. Akafika kwenye duara jingine, akaparua kwa mguu mara moja tu. Krr.

"Wameshazika na kule," Fisi akasema.

Basi wakubwa hawakuwa na pa kufunga wala pa kulinda. Wakarundikana katikati ya uwanja, wanasukumana kwa matako, vumbi likapanda jua likafifia. Chini ya lile vumbi, kati ya miguu minne ya Kifaru, akatokea Pimbi na mpira. Hakukimbia. Akaingia kwenye duara la goli alilolikimbia Kiboko, anatembea kama anakwenda sokoni.

Nyati peke yake ndiye aliyekuwa karibu. Hatua mbili tu angemkata. Akafika kwenye chokaa, akainua mguu wa mbele.

Pembeni mwa uwanja akamwona mkewe, na ndama ameegemea tumbo la mama yake, magoti yanagongana. Angeweka tu ule mguu. Lakini akazisikia pembe zake kichwani, nzito, nzuri, alizokuwa nazo tangu ujana. Na kama Fisi alisema kweli? Mguu ukaning'inia hewani.

"Karibu, mjomba," Pimbi akasema bila kuinua macho.

Nyati akaushusha mguu. Akaushusha pale ulipotoka, nje ya mstari.

Pimbi akaugusa mpira. Ukaviringika kwi, kwi, kwi, polepole kiasi kwamba sisimizi aliukatiza mbele, akafika kwake, akafunga mlango. Ukaingia. Korongo akapuliza filimbi ya goli, akapuliza na ya mwisho kabisa.

Hapo Nyati hakuwa na cha kuogopa tena. Akavamia lile duara, akachimba kwa pembe, akachimba kwa kwato, udongo ukaruka mpaka kwa Twiga. Mwisho akatoa kitu. Uwanja mzima ukanyoosha shingo. Kilikuwa kiazi kitamu cha kuchemsha, kimeumwa upande mmoja.

Akashika pembe zake. Zipo. Akamtafuta Fisi, Fisi alikuwa kilima cha pili.

"Ni chakula changu cha mchana," Pimbi akasema. "Siku ya ngiri nilikifukia kisipigwe na jua, nikashangaa wameogopa wenyewe. Nikaona, kumbe. Tangu hapo nafukia kila mechi, naangalia kushoto na kulia. Kukimbia tulijifunza kweli, mjomba, ila nyinyi mngetukanyaga tu. Na nilikwambia ukanyage."

Jioni ileile Mlimani wakaanza kufunga mizigo. Mkewe akamsimamisha ndama, ndama akakaa. Akamsimamisha tena.

"Mama na mtoto wabaki," Pimbi akasema kutoka juu ya jiwe. "Wao hawakucheza."

Nyati akaenda Magadi bila familia yake, siku mbili kwa mguu, na siku ya pili Kiboko akafumbua mdomo, akaanza kulalamika, hakunyamaza mpaka mvua.

Anayeogopa asichokiona hujifunga goli mwenyewe.

Haya, kabla hamjalala, niwaambie moja. Kile kiazi nimekitia mimi kwenye hadithi. Alichokikuta Nyati ni udongo, na chini ya udongo, udongo. Lakini ningewaambia hivyo, mngesema hakuchimba vya kutosha.