Shafti ya Itambo

"Chuma cha moto hakipimwi." Mzee Mligo alitamka hivyo alipokataa kuamua papo hapo ugomvi wa wanafunzi wawili wa karakana yake, nao wakataka kujua msemo huo umetoka wapi. Akaweka tupa mezani, akawaambia ulianzia kwenye mashine ile pale pembeni.

Fundi wa kwanza wa mashine hiyo alikuwa Atupele, na aliipenda mno. Iliyeyusha waya, ikajenga chuma tabaka juu ya tabaka, kisha ikakichonga yenyewe. Pampu ya maji ya kijiji cha Itambo ilipoharibika, Atupele aliitengenezea shafti mpya, ule mhimili unaozunguka ndani yake, kwa siku moja. Aliitoa kwa glavu, ingali na joto, akaipima, akakuta kipimo ni barabara. Akaifunga kwenye gunia, akapanda mlima.

Itambo walikuwa wamechinja mbuzi, ndoo zimepangwa tangu bombani hadi barabarani. Lakini shafti ilipoingizwa kwenye beringi, pete ya chuma inayoishikilia, ilicheza kama jino bovu. Mwenyekiti Kaduma akafoka mbele ya wote kwamba huyu si fundi, atafutwe mwingine.

Atupele aliichomoa shafti. Alipima tena; unene ulikuwa umepungua kwa unywele. Akaketi karibu na chungu cha mbuzi, machozi yakimlengalenga, shafti ameiegemeza kwenye mafiga. Alipoishika ili aondoke, ilimchoma. Akaipima. Unene ulikuwa umerudi.

Akaanza kucheka peke yake. Mashine haikuwa na kosa. Chuma kikipata moto hutanuka, kikipoa hunywea, naye alikuwa amekichonga na kukipima kikiwa kimetanuka.

Akarudi karakana, akajenga shafti nyingine, akaiacha ipoe mpaka kesho yake, ndipo akaichonga kwa kipimo cha mwisho. Safari hii iliingia kwenye beringi ikatulia. Maji yakaruka, wanawake wakapiga vigelegele, watoto wakaoga na nguo zao.

Mwenyekiti alimfuata, kanzu imeloa chepechepe. "Binti yangu, siku ile nilisema wewe si fundi. Nisamehe."

"Ulinipima ukiwa na hasira, baba," Atupele akamjibu, "nami nilipima shafti ikiwa na moto. Kosa letu ni moja."

Mwenyekiti akacheka mpaka akashika mbavu. Kisha akawageukia watu wake, akasema neno ambalo Itambo walilibeba sokoni, barazani na kwenye ugomvi wa ndoa zao, hadi likawafikia ninyi: chuma cha moto hakipimwi.