Kofia ya Maji

Hapo zamani, katika nchi ya Wayunani, enzi ambazo miungu ilishuka vitani pamoja na watu, mji wa Tharimo ulizingirwa na maadui. Visima vikakauka. Siku ya ishirini, Aristila akajifungua binti katika hekalu la kileleni. Maziwa hayakutoka. Mtoto akalia, kisha akanyamaza, na kunyamaza huko ndiko kulikomtisha mama.

Akamwita shujaa wa mji. "Pirandro, kaka yangu, hata funda moja tu."

Pirandro akatoka langoni peke yake, akapigana mpaka kwenye chemchemi, akainamisha kofia yake ya shaba. Lakini mfalme wa miungu alikuwa amemkataza Krineia, mungu wa chemchemi ile, kuwapa Watharimo hata tone.

"Maji ya nani?" akauliza Krineia.

"Ya mzazi."

Krineia akaijaza kofia. Papo hapo mfalme wa miungu akaikausha chemchemi yake milele.

Njiani mkuki ukamchoma Pirandro begani. Akaanguka kwa magoti, kofia asiiinamishe. Adui aitwaye Likasto akamsimamia.

"Shujaa gani wewe, unabeba maji kama mjakazi?"

"Kuna mtoto, bwana."

Likasto akashusha mkuki. Akamkinga kwa ngao yake mwenyewe, mishale ya wenzake ikimvumia masikioni, mpaka langoni. Wenzake wakamvua silaha, wakaapa kwamba jina lake halitatajwa tena kwao.

Pirandro akazimia langoni. Walinzi arobaini walikuwa kwenye ngazi ya hekalu, midomo imepasuka, hakuna mwenye nguvu za kuipanda yote. Wakapokezana kofia, mkono kwa mkono. Hakuna aliyeonja. Hakuna hata aliyelamba kidole. Ilimfikia Aristila imejaa vilevile, akanywa, na mtoto akanyonya. Jioni, wawili kati ya walinzi wale wakafa kwa kiu.

Kesho yake mvua ikanyesha. Maadui wakakata tamaa, wakaondoka kwa merikebu zao, wakamwacha Likasto ufukoni; Watharimo wakampokea.

Siku ya kumi tangu kuzaliwa ikawa siku ya kumpa mtoto jina. Jina ni moja tu, na waimbaji wataliimba vizazi na vizazi.

"Wewe ndiye uliyezaa," mume wa Aristila akamwambia. "Wewe utaje."

Pirandro akasema, "Mkono huu hautainua upanga tena. Aitwe kwa jina langu."

"Ataota ndevu huyo!" walinzi wakacheka. Kisha mkubwa wao, Dorimo, akasema, "Kupigana ukiwa na hasira ni rahisi, ndugu yangu. Sisi tulishika maji tukiwa na kiu. Achukue jina la mmoja wa wale wawili."

Likasto, mtu asiye na kwao tena, akasema taratibu, "Mama, wote hawa wana mji wa kuwakumbuka. Mimi nina mtoto huyu tu."

Na kutoka kwenye mawe makavu ya chemchemi ikasikika sauti ya Krineia, nyembamba: "Nilikuwa mungu. Sasa mimi ni shimo. Nami niliambiwa nisitoe."

Aristila akawatazama mmoja mmoja, kifua kimemjaa fahari, kwamba binti wa siku kumi alipendwa hivi. Akambusu utosini, akamwinua juu watu wote wamwone, akavuta pumzi ataje jina.

Nanyi mnaosikiliza, kina mama na kina baba, msinikimbie kwa kusema wote. Jina ni moja. Je, nani alistahili?