Korongo Aliyepiga Hodi

Sogeeni, wapenzi wangu, mnisikilize kwa moyo, maana mimi nasema polepole.

Paliondokea mjane, Mwanamvua, na bintiye Mwatabu, mtoto wa miaka sita. Nyumba yao ilikuwa kando ya mikoko. Kipupwe kilipoingia na manyunyu yake, mama alikaa kizingitini akitazama ndege wakishuka matopeni.

Adhuhuri moja korongo akaja mpaka uani. Mama akaona miguu yake ina vidole vya mtu, akajua ni zimwi. Akanyamaza, kwa kuwa mgeni akipiga hodi mara tatu asiitikiwe, sharti aondoke.

"Hodi, mama. Baridi kali."

Kimya.

"Hodi, mama. Nimelowa."

Kimya.

"Hodi, mama. Basi nakwenda zangu."

Kimya. Korongo akageuka aondoke. Ndipo Mwatabu, nyuma ya pazia, akasema, "Mama, mbona humwitikii mgeni? Karibu."

Zimwi likaingia, likamkumbatia mtoto kwa mabawa.

"Nichukue mimi," mama akalia.

"Wewe umenikaribisha lini?" likamjibu. "Huyu ana adabu. Umemlea vizuri."

Likaruka naye. Mama akalifuata mpaka tope likamfika kiunoni.

Tangu hapo, kila kipupwe, mama hukaa kizingitini, na humwambia kila ndege anayeshuka, "Karibu, baba. Karibu ndani." Nao ni ndege tu, hula kaa wao, wakaruka.

Nimeishia hapo. Mungu awatunzie wenu.