Bomba la Uani

Paukwa.

Pakawa.

Palikuwa na bomba.

Likatoa maji.

Maji gani?

Tuambie wewe.

Haya, sogeeni karibu. Siku hizi sauti yangu haifiki mbali.

Katika mji wa wanyama palikuwa na matangi mawili. Tangi kubwa lilikuwa mlimani, nalo lilipeleka maji nyumba zote. Tangi dogo lilikuwa nyuma ya ofisi ya maji, nalo lilikuwa na bomba moja tu, la uani.

Mkuu wa maji alikuwa Kiboko. Kila asubuhi alipanda mlimani, akajitumbukiza katika tangi kubwa, chubwi, akalala humo mpaka jioni. Yote anayoyafanya kiboko akiwa majini, aliyafanya humo. Dawa ya kusafishia maji alikataza isitiwe huko, kwa sababu ilimchoma macho. Ilitiwa tangi dogo.

Kila mwanzo wa mwezi alikuja mkaguzi, Bibi Korongo. Alichoma mdomo wa bomba la uani kwa moto, fwii. Aliacha maji yatiririke, chiriri. Alijaza chupa, akapima, akaandika: Maji ya mji yanafaa. Kiboko akabandika cheti ukutani, akapanda mlimani.

Bondeni aliishi Nguchiro, mkewe na binti yao Chiku. Mwezi wa pili mkewe alianza kuhara. Mwezi wa tatu Nguchiro aliishi na Chiku tu. Mwezi wa nne Chiku naye akaanza kushika tumbo. Nguchiro alichemsha maji mpaka kuni zikamwishia, kisha akaenda ofisini.

"Shikamoo, mkuu."

"Marahaba. Fupisha, nakwenda kuoga."

"Maji ya bondeni yananuka."

"Cheti kinasemaje?"

"Kinasema yanafaa."

"Basi katazamwe pua."

Nguchiro akamngoja Bibi Korongo bombani.

"Bibi, mbona hupimi na kwetu?"

"Fomu yangu ina nafasi ya bomba moja, mwanangu. Bomba la uani."

"Na ukilikuta lina uchafu?"

"Naandika hayafai, na mkuu anaondoka siku hiyo hiyo. Ndio utaratibu."

Nguchiro akamshukuru. Nguvu za kubishana hakuwa nazo. Alirudi nyumbani, akakaa kando ya kitanda cha Chiku, akafikiri. Zilipobaki siku sita kabla ya ukaguzi mwingine, akaenda tena ofisini.

"Mkuu, nimekuja kuomba radhi. Pua yangu ilikosea. Ila kuna jambo linaniumiza."

"Lipi tena?"

"Maji mazuri ya mji huu yamo tangi dogo. Bibi Korongo mwenyewe hachoti kwingine. Na wewe, mkubwa wetu, unaoga haya yetu ya bondeni."

Kiboko akaacha kutafuna.

"Yaani ninaoga maji yenu?"

"Miaka yote, mkuu. Hata mimi naona aibu."

"Na ile dawa? Itanichoma macho."

"Ipelekwe mlimani, kwa akina sisi. Macho yetu ni madogo."

Ikawa hivyo. Nguchiro na majirani wakamwaga maji ya tangi kubwa, wakalisugua siku mbili, swaku swaku, wakalijaza upya, wakatia dawa kwa kipimo kilichoandikwa kwenye gunia.

Kiboko akaingia tangi dogo, akaagiza majani aletewe humo humo. Siku ya kwanza alikula, akatoka kwa shida. Siku ya pili alikula, akatoka kwa shida zaidi. Siku ya tano alikula, akatoka kwa kuvutwa na tembo wawili. Siku ya sita alikula, na hakutoka.

Bibi Korongo akaja.

"Bibi, njoo kesho," ikasema sauti ndani ya tangi.

"Utaratibu ni leo."

Akachoma mdomo wa bomba, fwii. Akaacha maji yatiririke. Bomba likakohoa, kho, kho, likatoa uji wa kijani. Akajaza chupa, akapima, akaandika: Maji ya mji hayafai.

"Kapime ya mlimani," akalia Kiboko. "Mji mzima unakunywa maji safi."

"Fomu yangu ina nafasi ya bomba moja."

Tangi likavunjwa ili atoke. Akaenda mtoni, na mpaka leo yuko huko.

Nguchiro akasoma cheti kipya ukutani, akarudi bondeni. Akafungua bomba la nyumbani kwake, akanusa. Akajaza vikombe vitatu. Chiku akamtazama. Nguchiro akachukua kikombe kimoja, akakimimina mtungini. Viwili wakanywa.

Chiku alipona.

Ngano yangu imekauka hapo. Mwenye kiu akachote yake.

Na funzo je?

Funzo ni hili: cheti kilicho ukutani kiaminiwe daima. Kikisema yanafaa, kunyweni. Kikisema hayafai, msiguse.

Na pua?

Pua haina muhuri.