Kanga na Wasikivu wa Kichuguuni

Paukwa!

Pakawa!

Hapana. Mmeitikia kama watu wanaopiga miayo. Baba Mwanaidi, simu hiyo weka chini, hakuna aliyekufa. Tena: Paukwa!

PAKAWA!

Haya. Zamani za kale, zamani hasa, wanyama wote walikuwa na masikio, lakini aliyejisifu nayo ni Punda. Punda alikaa mjini miaka mitatu akimbebea maji mcha Mungu mmoja. Maji aliyabeba. Uchaji hakuambulia hata tone. Ila aliporudi porini alirudi na sauti nyororo. Akapanda juu ya kichuguu, akatikisa masikio, pwata! pwata!, akasema:

"Ndugu zangu, hamjui kusikiliza. Nitawafundisha."

Basi kila asubuhi wakawa wanakusanyika. Nyati alikuja, mama mzima na pembe zake. Tumbili alikuja. Kenge alikuja, tena mapema kuliko wote, akajilaza mbele kabisa.

"Fumbeni macho," anasema Punda. "Vuteni pumzi."

Fuuu.

"Toeni pumzi."

Haaa.

"Mwenye jambo aseme. Tutampokea kwa moyo."

Siku ya kwanza akaja Kanga, mbio, keke-keke-keke! Mabawa yamemtimka.

"Jamani, mayai yangu! Yalikuwa kumi na mawili. Jana mchana nimekwenda mtoni kunywa maji, narudi, nakuta tisa. Naomba mmoja wenu akae kwenye kiota changu nikienda kunywa. Mmoja tu!"

Kimya. Kimya kizuri, cha kupendeza. Kisha Punda akashusha pumzi.

"Dada Kanga, tumekusikia."

"Tumekusikia," wakaitikia wote.

"Nimeguswa," akasema Tumbili, na mkono kifuani. "Nimeguswa hapa."

Wakainuka. Wakaenda zao kula.

Mmeona? Wamempokea! Wamempokea, wamemweka chini, wamemruka.

Siku ya pili, keke-keke-keke! "Yamebaki sita! Nimeyahamishia chini ya kichaka cha mkwamba, kando ya jiwe jeupe. Jua likiwa utosini lazima ninywe, nitakufa kwa kiu. Nani atanikalia kiotani?"

Fuuu. Haaa.

"Tumekusikia, dada."

"Leo umesema kwa utulivu zaidi," akasema Punda. "Unaendelea vizuri."

Siku ya tatu: "Yamebaki matatu! Matatu, mnanielewa?"

"Tumekusikia."

"Punguza sauti kidogo," akasema Tumbili. "Unatutoa kwenye utulivu."

Kanga akamtazama Tumbili. Akamtazama Punda. Macho yao yote yamefumbwa. Akarudi kwenye kiota chake, akayalalia yale mayai matatu, akajifunika majani ya mkuyu. Jua likafika utosini. Hakwenda mtoni. Jua likashuka. Hakwenda. Alilala na kiu yake.

Siku ya nne hakuja mbio. Alikuja akitembea, ulimi umekauka, na kelele hana. Akapita katikati ya baraza mpaka mbele ya kichuguu.

"Fumbeni ma..."

"Leo msifumbe," akasema Kanga. "Leo nauliza mimi. Siku tatu nimesema. Nilisema nini?"

Punda akakohoa. "Ulisema... ulisema kwa uchungu mwingi."

"Uchungu wa nini?"

"Wa maisha, dada."

"Tumbili?"

"Mimi niliguswa sana."

"Na nini?"

Tumbili akajikuna.

"Mama Nyati?"

Nyati akainamisha kichwa. "Sijui, mwanangu," akasema. "Nilikuwa nasikiliza pumzi yangu."

Ndipo Kenge akainua shingo pale mbele. "Mimi najua," akasema, na ulimi wake ukachezacheza. "Alisema mayai yalikuwa kumi na mawili, yakawa tisa, yakawa sita, yakawa matatu. Yako chini ya mkwamba, kando ya jiwe jeupe. Huenda kunywa jua likiwa utosini. Ila jana hakwenda. Jana alijifunika majani ya mkuyu."

Mbuga nzima ikalipuka kwa makofi, pa-pa-pa-pa!

"Huyo ndiye mwanafunzi wangu!" Punda akapiga kelele, masikio pwata! pwata! "Huyo ndiye msikivu!"

Kanga peke yake hakupiga makofi.

"Habari ya majani sikumwambia mtu," akasema. "Jana mchana nilikuwa peke yangu."

Wengine waliendelea kushangilia. Nyati aliacha makofi. Akayapitisha maneno yale kichwani taratibu, neno kwa neno, kama anayecheua. Kisha akageuka.

Kenge alikuwa keshaanza kurudi nyuma, kinyumenyume, kuelekea majani marefu. Kwato ya Nyati ikashuka juu ya mkia. Kacha! Mkia ukabaki pale. Kenge mwenyewe akakimbia, na hakuonekana tena upande ule wa mto.

"Ndugu zangu," akasema Punda, "tumepatwa na jambo zito. Tuketi. Tufumbe macho. Dada Kanga, njoo utueleze, tukusikilize."

"Nimeshasema," akasema Kanga.

Nyati hakuketi. Alikwenda mpaka kwenye mkwamba, kando ya jiwe jeupe, akajilaza mbele ya kiota, mlima mzima wa mnyama. Hakushusha pumzi kwa sauti. Hakusema ameguswa.

Na Kanga akaenda mtoni. Akanywa, akanywa, akanywa.

Basi shikeni hili, wakubwa kwa wadogo. Kumsikiliza mwenzako si kufumba macho wala kushika kifua, iwe msikitini, kanisani au mezani kwako. Ni kujua alichosema, kisha kuinuka. Na msipomsikiliza nyinyi mnaompenda, msidhani maneno yake yamepotea. Yupo anayeyaokota, na huyo hamtakii mwenzenu mema.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Asiye tayari kuinuka asinipigie makofi.