Nyegere Aliyeitikia Jina la Nungunungu

Nikiita?
— Tunaitika!
Jina la nani?
— La mwenyewe!
Na likiwa la mwenzako?
— Kimya, jii!
Basi sogeeni, nisikilizeni.

Ukungu ulishuka Bonde la Mawe alfajiri, mvua ya kwanza ya masika ilipokatika. Ulifunika nyasi, ukafunika miamba, ukafunika miguu ya wanyama, kisha macho yao. Tangu hapo hakuna aliyemwona mwenzake. Zilibaki sauti. Zilielea juu ya bonde kama watu wanaoota ndoto moja.

Wanyama wa bonde hilo wana desturi ya ukungu. Ukimtaka mtu, unaita jina lake: “Nani fulani? Yuko wapi?” Bonde zima linasikia. Wasiohusika wananyamaza. Mwenye jina anajibu: “Ni mimi! Niko mahali fulani!” Unaliweka jibu kichwani, unakwenda. Ukilisahau, unaita tena.

Upande mmoja wa bonde kuna mto, na sauti ya bondeni haivuki mto. Maji yanaimeza. Ndiyo maana kivukoni anakaa Mzee Kobe. Mtu wa bondeni akiita jina la mtu wa ng’ambo, Mzee Kobe ndiye anayejibu: “Leteni kwangu, kivukoni!” Anapokea, anavusha, chubwi, chubwi. Na kitu kikitoka ng’ambo, Mzee Kobe anasimama ukingoni, anaita jina la mwenyewe. Mzigo haufungui. Kilichomo hakisemi. Anaita, anasikiliza, anapeleka.

Chini ya Mwamba Mweupe aliishi Bi Pimbi na mwanawe. Mtoto alikuwa na kifua. Ukungu ukishuka tu, anakohoa: kho, kho, kho. Hakuna kilichomtuliza ila asali, na asali ilitoka kwa mamake mkubwa, ng’ambo ya mto.

Siku hiyo Mzee Kobe aliita: “Nani Pimbi? Yuko wapiii?”

Bi Pimbi akajibu: “Ni mimi! Niko Mwamba Mweupe!”

Kabla sauti yake haijatua, ikaja nyingine nzito iliyojibana pua: “Ni mimi! Pimbi! Niko Mwamba Mwekundu!”

Kwenye Mwamba Mwekundu aliishi Bwana Nyegere, mwenye ngozi isiyoogopa nyuki, kucha zisizoogopa jiwe na tumbo lisilojua kesho. Bi Pimbi akaitikia tena. Nyegere naye akaitikia tena. Bi Pimbi akaitikia mpaka koo likakauka. Nyegere akaitikia mara moja zaidi.

Kibuyu cha asali kilikwenda Mwamba Mwekundu. Lamba, lamba, lamba. Kikaisha.

Kibuyu cha pili kilikwenda huko huko. Cha tatu, Nyegere alikificha kwa akiba. Mtoto alikohoa, kho, kho, na sasa alikohoa hata usingizini.

Bi Pimbi akapapasa njia mpaka kivukoni.

“Shikamoo, Mzee Kobe.”

“Marahaba, mwanangu. Asali imefika?”

“Haijafika. Aliyekujibu si mimi. Ni Nyegere.”

“Alisema Pimbi.”

“Alidanganya!”

“Ndani ya ukungu sina macho, mwanangu. Nina masikio. Anayejibu mwisho ndiye ninayemshika.”

“Na wewe huulizi?”

“Nikianza kuuliza, nitavusha nini na lini? Jina lililoitikiwa ni la aliyeitikia, mpaka ukungu uondoke. Labda alikane mwenyewe, bonde zima lisikie. Na anayekana hachagui. Akikana moja, anakana yote aliyoyachukua.”

Bi Pimbi akageukia mto. Maji yakapita.

“Mzee Kobe, huko ng’ambo kuna nani anayesubiri kuvuka?”

“Mama mkwe wa Nungunungu. Binti yake amejifungua kwao. Anavuka kesho, analeta habari.”

Hapa nieleze kidogo. Kwa akina Nungunungu, mama mkwe anayeleta habari ya mtoto hulishwa na mkwewe mpaka aseme kwa kinywa chake, “Nimeshiba.” Tena mkwe na mkwe hawatazamani. Mmoja akiwa ndani, mwingine yuko nje, na wanaongea wamepeana migongo.

Bi Pimbi akaenda shimoni kwa Nungunungu.

“Hodi.”

“Karibu. Ukanyage taratibu, nimelala na miiba iko wima.”

“Kesho ukiitwa, usiitike.”

“Mama mkwe anakuja! Na ghala langu lina viazi viwili!”

“Ndiyo maana nakwambia usiitike.”

“Si vibaya?”

“Kwani kunyamaza ni uongo?”

Nungunungu akafikiri. “Na habari ya mwanangu?”

“Itakufikia.”

Kutoka hapo Bi Pimbi akapita karibu na Mwamba Mwekundu, akimwambia kwa sauti mwanawe aliyembeba mgongoni: “Mwanangu, heri angekuwa baba yako Nungunungu. Kinachomjia kesho ni kikubwa, Mzee Kobe mwenyewe hawezi kukibeba.”

“Kho, kho,” mtoto akajibu.

Ndani ya mwamba, kitu kikameza mate: gluk.

Kesho yake Mzee Kobe aliita: “Nani Nungunungu? Yuko wapiii?”

Shimoni kwa Nungunungu, kimya, jii.

“Ni mimi!” Nyegere akanguruma. “Nungunungu! Niko Mwamba Mwekundu! Kilete chote!”

Ukungu ulitikisika, ukatulia. Kisha ikasikika sauti ya miiba ikija. Chakacha, chakacha, chakacha.

“Hodi, mkwe. Geuka, usinitazame.”

Nyegere akageuka. Hata yeye alikuwa na mambo anayoyaogopa.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Mbona sauti nzito?”

“Ukungu, mama. Umeniingia kooni.”

“Pole. Umepata binti. Kazaliwa na miiba yake yote.”

Nyegere, ambaye hakuwa na mke, akasema, “Nashukuru, mama.”

“Sasa toka nje, niingie ndani. Nasikia harufu ya asali.”

“Ni harufu tu, mama.”

“Mkwe. Sisemi mara mbili.”

Nyegere akatoka nje. Ndani kukasikika: lamba, lamba, lamba. Kibuyu cha akiba kikaisha. Viazi vikaisha. Mizizi ikaisha.

“Umeshiba, mama?”

“Ndiyo kwanza nimekaa.”

Nyegere akaenda kuchimba. Akaleta. Kikaisha.

“Umeshiba, mama?”

“Hivi unanihesabia matonge?”

Nyegere akachimba mpaka kucha zikawa butu. Alilala nje, mgongo kwenye mlango wake mwenyewe, umande ukimdondokea, na kila alipoota, aliota anaulizwa kuna nini cha kula. Siku aliyokula majani kwa kukosa kingine, alipanda juu ya Mwamba Mwekundu na kuvuta pumzi.

“Mimi si Nungunungu!”

Bonde likasikia. Kutoka kivukoni Mzee Kobe akajibu: “Na nani mwingine?”

Nyegere akaanza kushuka.

“Mkwe!” sauti ikatoka ndani. “Njaa!”

“Mimi si Pimbi!” Nyegere akalia. “Pimbi yuko Mwamba Mweupe! Nungunungu yuko kwenye shimo la bondeni, amelala! Mimi ni Nyegere! Nyegere tu!”

Kila aliyesikia alifuta jibu la zamani kichwani, akaweka jipya. Mzee Kobe akageuza shingo. Kwata, kwata, kwata. Kibuyu kilichovuka asubuhi hiyo kilifika Mwamba Mweupe. Mtoto alilamba, akalamba tena. Kho. Akalala. Bi Pimbi alikaa akisikiliza kikohozi kinachofuata. Hakikuja.

Basi mmesikia, na funzo ni hili: jina la mwenzako likiitwa, wahi uitikie. Huenda ni asali.
— Huenda ni mkwe!
Mimi nimeita.
— Sisi tumeitika!
Jina nimelirudisha kwa mwenyewe.

Mama mkwe alifika kwa Nungunungu jioni ya siku ile, akampa habari ya binti yake. Nungunungu alilia kwa furaha, akatoa viazi viwili. Hadi sasa, mama mkwe hajasema ameshiba.