Mafuta Hayangoji Mhuri

"Mafuta hayangoji mhuri." Mmemsikia shangazi yenu akisema hivyo, mkacheka, na sasa mnataka kujua maneno hayo yametoka wapi. Haya, sogeeni. Methali hii ilianza hivi.

Huko Upare milimani aliishi mama mmoja, Nakundwa. Mahindi yake yalinyweshwa maji ya ndiva, lile bwawa la udongo walilochimba mababu. Mfereji hulijaza usiku, asubuhi hufunguliwa, kila shamba kwa zamu yake. Siku ya kisa hiki, zamu ya Nakundwa ilikuwa kesho yake, na mahindi yalikuwa yanatoa mbelewele. Yakikosa maji juma lile, basi tena.

Saa moja asubuhi lori la dizeli likabinuka kwenye kona ya juu. Dereva alitoka mzima, lakini tangi lilipasuka. Nakundwa akaona dizeli ikiteremka na mtaro wa barabara kuelekea mferejini, inametameta kama shingo ya njiwa. Akatupa jembe, akakimbia kwa Mwenyekiti Kajiru.

Kajiru hakuwa mtu mbaya. Ila mwaka uliopita aliandika barua kuhusu tembo waliokula migomba, akasahau mhuri, na barua ikarudishwa kama posa ya mlevi. Akaapa haitatokea tena.

"Mwenyekiti, mafuta yanaingia mferejini! Wapigie watu wa mazingira!"

"Keti kwanza, mama. Taarifa ni barua." Akachukua karatasi, akaandika kichwa cha habari, akakipigia mstari kwa rula. Mstari ukapinda. Akachukua karatasi nyingine.

Nakundwa akasimama mlangoni akikunja na kukunjua kanga. Saa mbili ikapita. Barua ikaisha, ikasomwa kwa sauti, ikasahihishwa.

"Sasa mhuri," akasema Kajiru. "Mhuri uko kwa Mtendaji, na Mtendaji yuko msibani. Adhuhuri atakuwa amerudi."

"Adhuhuri!"

"Mama, mambo yana ngazi."

"Mafuta hayapandi ngazi, Mzee Kajiru! Yanateremka! Mafuta hayangoji mhuri!"

Watu waliokuwa barazani wakacheka. "Huyo naye," akasema mmoja, "aliishia darasa la nne, anamfundisha Mwenyekiti kazi."

Nakundwa akawapa mgongo. Akaenda zahanati. Mbele yake palikuwa na kibao ambacho kila mtu alikipita, na wengine walifungia mbuzi kwenye nguzo yake: *Ukiona mafuta au sumu imemwagika, piga namba hii.* Akapiga. Ilikuwa saa nne.

Sauti ya mwanamke ikauliza: ni wapi, ni kitu gani, kimeanza saa ngapi, kinaelekea kwenye maji?

"Barua ipo kwa Mwenyekiti, lakini haina mhuri," akasema Nakundwa.

"Barua ya nini, mama? Ninakuja. Zibeni mfereji kwa udongo sasa hivi, juu ya ndiva. Msimwage maji wala sabuni. Mtu asiwashe kiberiti, na asikinge mafuta kwa dumu."

Nakundwa akawaita wanawake wenzake, wakaziba kwa majembe na mikono. Mfereji ukasimama. Lakini ulimi wa mafuta ulikuwa umeshatangulia ndani.

Afisa, yule mwanamke wa kwenye simu, alifika mchana. Kajiru naye akafika, na barua yake, mhuri wa bluu umekaa sawasawa. Afisa akaipokea kwa heshima, kisha akamgeukia Nakundwa.

"Uliona saa ngapi?"

"Saa moja."

"Ukapiga saa nne." Akatazama ndiva, maji yote yamevaa rangi. "Basi saa tatu hizo ndizo zimo humu ndani."

Hakuna aliyecheka. Ndiva ikanyonywa, tope likazolewa, na maji hayakufunguliwa mwezi mzima. Mahindi ya Nakundwa yalikauka yamesimama. Ya Kajiru pia, maana yalikuwa jirani.

Mwaka uliofuata debe la dawa ya kuulia wadudu likapasuka karibu na mfereji. Wa kwanza kuonekana pale kibaoni alikuwa Kajiru, tope magotini, anapiga kelele kwenye simu.

Mtu akamwuliza, "Mwenyekiti, na barua je?"

Kajiru akamtazama kama mtu aliyeulizwa upuuzi.

"Barua itakuja baadaye," akasema. "Mafuta hayangoji mhuri."